Nitajuaje fumbo ni la mpangilio, na nilichore vipi?

Swali: "Shikamoo maalim. Naishi Kisauni, nina digrii ya kwanza ya biashara, na nataka kuomba nafasi ya kusoma sheria Marekani. Binamu yangu amenipa kitabu chake cha zamani cha kujiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya sheria huko. Mengine naelewa, lakini yale mafumbo ya 'watu saba wapangwe kwa masharti yafuatayo' yananitoa jasho. Nakaa robo saa kwa fumbo moja na bado nakosea. Nitajuaje kwamba fumbo ni la kupanga kwa kufuatana na si la aina nyingine? Na mchoro wake huchorwa vipi? Ndugu yangu mdogo naye anajiandaa na UCAT aende kusomea udaktari Uingereza, na nimeona mafumbo kama hayo kwenye mazoezi yake."

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla hujashika penseli, tulimalize kwanza jambo la kitabu chako, maana linagusa mfuko na muda wako.

LSAT ya leo haina tena mafumbo hayo. Sehemu yake, ambayo watahiniwa walizoea kuiita michezo ya mantiki, ilionekana kwa mara ya mwisho katika mtihani wa Juni 2024. Kuanzia Agosti 2024 imeondolewa kabisa. Chanzo chake ni kesi iliyofunguliwa Marekani na mtahiniwa asiyeona, aliyedai kwamba sehemu inayomtaka mtu achore ili afaulu inamnyima haki yule asiyeweza kuona mchoro wake. Mwaka 2019 LSAC, baraza linaloendesha mtihani huo, lilikubaliana naye nje ya mahakama na kuahidi kutafuta njia nyingine ya kupima uwezo uleule. Naona lilikuwa jambo la haki, ingawa mafumbo yale nayapenda sana.

Sasa hivi LSAT ina sehemu mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu zinazohesabiwa, pamoja na sehemu moja ya majaribio isiyohesabiwa. Kila moja ni dakika 35, na alama ni kati ya 120 na 180. Kwa hiyo wewe, kwa mtihani wako, tumia kurasa za kitabu zinazohusu hoja na ufahamu, na mafumbo uyaache nyuma kabisa kwenye foleni. Usimlipe mtu yeyote akufundishe sehemu isiyokuwepo. Nimeona matangazo ya masomo ya jioni hapa mjini ambayo bado yanaitaja kana kwamba ipo. Na ukipita kwenye meza za vitabu vya mitumba ukaona kitabu cha GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, chenye mafumbo ya namna hii, fahamu kwamba GRE iliyaacha tangu 2002.

Hata hivyo nitakujibu kwa ukamilifu, kwa sababu mbili. Ndugu yako atakutana nayo katika UCAT, kwenye sehemu ya kufanya maamuzi, na baadhi ya waajiri huyaweka katika majaribio yao ya usaili. Pili, kuna kitu ndani ya mafumbo haya, namna ya kusoma "ikiwa" na "basi", ambacho hakikuondoka LSAT hata kidogo. Kimejaa tele katika zile sehemu mbili za hoja.

Tuanze na kulitambua.

Fumbo la mpangilio lina kundi moja la vitu au watu na mstari mmoja wa nafasi zinazofuatana. Watu saba na zamu saba, meli sita na gati sita, vitabu vitano na bei tano. Ukisoma aya ya kwanza, jiulize swali hili: nikichukua wawili kati yao nikawabadilisha nafasi, je, hali inabadilika? Kama inabadilika kila mara, huo ni mpangilio. Fumbo likisema wanafunzi wanane wagawanywe timu ya asubuhi na ya jioni, ukimbadilisha Asha na Juma ndani ya timu ileile ya asubuhi hakuna kilichobadilika. Hilo ni fumbo la makundi, na mchoro wake ni mwingine. Fumbo linalosema "chagua watano kati ya wanane" nalo ni la makundi, hata likijaza maneno mengi.

Masharti nayo husaidia kulitambua. Ukiona kabla, baada, mapema kuliko, mara tu, ubavuni mwa, wa kwanza, wa mwisho, ujue uko kwenye mpangilio. Lakini si lazima kitu kiwe cha wakati. Urefu, bei, umri, ghorofa za jengo, nafasi katika mbio, vyote ni mpangilio, na hapo ndipo wengi hupotea: wanaona neno "ghali kuliko" na hawaoni kwamba ni mstari uleule. Katika hayo yasiyo ya wakati, amua upande kabla ya kuandika chochote. Kushoto ni rahisi zaidi, kulia ni ghali zaidi. Liandike hilo juu ya mstari, kisha usiliguse tena. Fumbo likitaja miadi ya saa, andika tarakimu kama zilivyo kwenye karatasi. Ukianza kuzigeuza kuwa saa zetu katikati ya mtihani utajichanganya.

Kisha hesabu. Vitu ni vingapi, nafasi ni ngapi? Vikilingana, na kila nafasi ikibeba kimoja tu, una mpangilio wa kawaida na uko salama. Visipolingana, ama nafasi moja inabeba viwili au iko nafasi tupu. Hilo liandike mapema, kwa sababu linabadilisha maana ya masharti. Chukua sharti "Likoni haiko kabla ya Tudor". Katika mpangilio wa kawaida hakuna sare, kwa hiyo maana yake ni kwamba Tudor iko kabla ya Likoni, na unaweza kuiandika hivyo moja kwa moja. Sare ikiruhusiwa, huna haki hiyo.

Sasa tuchore. Nimekutungia fumbo hili, kwa mtindo wa yale ya kitabuni mwako.

Gari la kusambaza mitungi ya gesi linapeleka mzigo katika vituo saba kwa siku moja: Bamburi, Changamwe, Kisauni, Likoni, Mtwapa, Nyali na Tudor. Linafika kila kituo mara moja tu, kimoja baada ya kingine. Masharti: Kisauni inafikiwa mara tu baada ya Nyali. Likoni inafikiwa kabla ya Tudor. Changamwe inafikiwa baada ya Kisauni na baada ya Tudor. Mtwapa ni kituo cha kwanza au cha saba. Ikiwa Mtwapa ni ya kwanza, basi Bamburi ni ya nne.

Nimechagua sehemu unazozijua kwa makusudi. Wewe mtu wa Kisauni ukisoma vile, kichwani unaiona barabara: Nyali, Kisauni, Bamburi, Mtwapa, zote upande wa kaskazini, Likoni ng'ambo ya feri, Changamwe njia ya Nairobi. Unaanza kujiambia kwamba dereva hawezi kutoka Mtwapa akaenda Likoni kisha akarudi Nyali, ni kupoteza mafuta. Fumbo halijui feri wala foleni ya daraja la Nyali. Linajua masharti matano tu. Chochote ulichokileta wewe kutoka nje, hata kiwe cha kweli kiasi gani, kitakupeleka kwenye jibu lisilo sahihi. Ndiyo maana unatakiwa kugeuza majina kuwa herufi mapema, ili Likoni iwe L na feri isahaulike.

Andika herufi zote pembeni: B C K L M N T. Chini yake chora nafasi saba:

1 _  2 _  3 _  4 _  5 _  6 _  7 _

Halafu sharti moja moja, kwa alama, bila maneno.

La kwanza: [NK]. Mabano yanasema hawa wawili wamegandana. Angalia sentensi ilivyojengwa: imeitaja Kisauni kwanza, lakini Kisauni ndiyo inayokaa kulia. Mkono unaofuata mpangilio wa maneno badala ya maana utaandika [KN], na kuanzia hapo kila jibu litakuwa baya huku kazi yote ikionekana safi. Ukimaliza kuandika alama, isome alama yenyewe kwa sauti ya ndani, "Nyali, halafu papo hapo Kisauni", kisha uilinganishe na sentensi. Ni sekunde mbili tu.

La pili: L … T. Nukta zinasema kuna umbali usiojulikana, unaoweza kuwa sifuri.

La tatu ni masharti mawili katika sentensi moja: K … C na T … C.

La nne: M1 au M7.

La tano: M1 → B4. Mshale huu uuhifadhi kwa "ikiwa, basi" peke yake. Kuna wanaotumia mshale pia kwa "kabla ya", halafu baada ya dakika tatu hawajui tena mshale upi ni upi. Na papo hapo, chini yake, andika upande wa pili wa sharti: geuza na ukanushe. Kama B si ya nne, basi M si ya kwanza. Na kwa kuwa M ina sehemu mbili tu za kukaa, M ni ya saba. Kwa hiyo: B si 4 → M7.

Wengi wakifika hapa hukimbilia maswali. Hapo ndipo robo saa yako inapokwenda, mwanangu. Una masharti matano yaliyotawanyika, na kila swali unayarudia yote upya. Kazi yenyewe ya mchoro iko katika kuyaunganisha, na kuunganisha huanzia kwenye herufi inayojirudia. Hapa ni C. Imetajwa mara mbili, na zile zilizo kabla yake zina masharti yao wenyewe. Unganisha:

L … T … C
[NK] … C

Kwenye karatasi yako andika C moja tu, na matawi mawili yanayoingia ndani yake kutoka kushoto. Sasa hesabu: kabla ya C wapo L, T, N na K. Wanne. Kwa hiyo C haiwezi kuwa mapema kuliko nafasi ya tano. Hakuna sharti lililokuambia hivyo waziwazi, umelipata kwa kuunganisha, na hili moja litajibu maswali mengi zaidi ya masharti yote matano ukiyachukua mojamoja.

Tahadhari kuhusu matawi. Juu ya mchoro, T inaweza kuonekana imekaa kulia kwa N, au kushoto, kutegemea ulivyoandika. Hilo halina maana yoyote. T na N wako kwenye matawi tofauti, na kati yao hujui lolote. Unachoruhusiwa kusoma ni kile tu unachoweza kukifuata kwa mstari bila kurudi nyuma: kutoka L kwenda T kwenda C, sawa, kutoka T kwenda C halafu urudi N, hapana.

Kisha tafuta sharti linalogawa fumbo mara mbili. Ni la nne. M ni ya kwanza au ya saba, hakuna njia ya tatu, kwa hiyo chora fremu mbili, yaani mstari wa nafasi saba mara mbili, mmoja kwa kila hali.

Fremu ya kwanza, M ikiwa 1. Papo hapo B ni 4. Zimebaki nafasi 2, 3, 5, 6 na 7, na herufi L, T, N, K, C. C inatanguliwa na wote wanne, kwa hiyo C ni 7. Zimebaki nafasi 2 na 3 pamoja, na 5 na 6 pamoja, kwa sababu B imekaa katikati. [NK] haiwezi kukatwa, kwa hiyo inachukua jozi moja, na L na T wanachukua nyingine kwa utaratibu huo. Fremu nzima ina mipangilio miwili tu:

M N K B L T C
M L T B N K C

Fremu ya pili, M ikiwa 7. Zimebaki nafasi sita. C ni 5 au 6. Ikiwa ni 5, wa kukaa 6 ni B peke yake, kwa kuwa wengine wote lazima wamtangulie C. Ikiwa ni 6, B anazurura popote kuanzia 1 hadi 5, bora tu asiingie kati ya N na K. Hapa mipangilio ni mingi, kumi na mitano kwa jumla, na usijaribu kuiandika yote. Andika:

_ _ _ _ _ _ M   (C 5 au 6, C5 → B6)

Inatosha. Fremu ndogo imalize yote, fremu kubwa iwekee alama. Kujua pa kuacha ni sehemu ya ufundi huu kama ilivyo kujua pa kuendelea.

Katika LSAT ya zamani watu walikuwa na mafumbo manne ndani ya dakika 35, yaani chini kidogo ya dakika tisa kwa kila moja, na bado ningekwambia tumia tatu au hata nne za kwanza kwenye mchoro. Inatisha kuona dakika zinapita na hujajibu swali hata moja. Lakini angalia maswali yanavyoanguka.

Ikiwa Likoni ni kituo cha tano, lipi lazima liwe kweli? L ni 5, baada yake T, baada yake C. Hao wanahitaji 6 na 7. Basi C ni 7, na C7 iko katika fremu ya kwanza tu. Mipangilio yake ni miwili, na L iko ya tano katika mmoja: M N K B L T C. Unajua nafasi ya kila kituo. Swali ambalo bila mchoro ungelihangaikia dakika tatu limekwisha kwa sekunde kumi na tano.

Vituo gani vinaweza kuwa vya mwisho? M na C, basi. Ukisoma matawi, kila mwingine ana wa kumfuata, isipokuwa B. Na B hawezi kuwa wa saba kwa sababu asipokuwa wa nne, M ndiye wa saba. Nani hawezi kuwa wa kwanza? K, kwa sababu N iko mbele yake, T, kwa sababu ya L, na C. Unaona kwamba hapa hata fremu hukuzihitaji.

Na huu sasa ni mtego halisi, ule ule unaonasa watu katika sehemu za hoja za LSAT ya leo: Bamburi ni ya nne; je, lazima Mtwapa iwe ya kwanza? Mkono unataka kusema ndiyo, kwa kuwa M1 na B4 umeziona pamoja muda wote. Hapana. Sharti linasema M1 inaleta B4. Halisemi B4 inaleta M1. Jaribu: N K L B T C M. Pitia masharti: NK wamegandana, L kabla ya T, C baada ya K na T, M ya saba, na sharti la tano halijaguswa kwa kuwa M si ya kwanza. Mpangilio ni halali, B ni ya nne, na M iko mwisho. Mshale una upande mmoja. Unaruhusiwa kuurudisha nyuma pale tu ulipokanusha pande zote mbili. Ukilishika hili, kitabu cha binamu yako kitakuwa kimekulipa, hata kama hutafanya fumbo jingine maishani.

Kuhusu mwendo wa maswali: karibu kila fumbo la LSAT lilianza na swali linalotoa orodha tano kamili na kuuliza ipi inakubalika. Usichukue orodha moja ukaipitisha kwenye masharti yote. Chukua sharti moja uipitishe kwenye orodha zote tano. "NK pamoja?" Inaanguka moja. "L kabla ya T?" Nyingine. Ukifika sharti la nne au la tano umebaki na moja. Kisha fanya maswali yanayoanza na "ikiwa", kwa sababu kila moja linakuachia mpangilio halali mmoja au miwili karatasini. Yale ya jumla, "lipi linaweza kuwa kweli", yaache mwisho. Mara nyingi jibu litakuwa tayari limo katika mipangilio uliyokwisha kuiandika. Usifute kazi ya maswali yaliyopita.

Yapo masharti machache ambayo huonekana magumu na si magumu. "Kati yao kuna angalau vituo viwili" iandike L _ _ … T, na ukumbuke kuuliza kama utaratibu wao unajulikana au la. "Wako ubavuni mwa kila mmoja" bila kusema nani wa kwanza, iandike NK / KN. Na lile linalowashtua watu: "Bamburi iko baada ya Likoni au kabla ya Tudor, lakini si vyote viwili." Tayari unajua L … T. Kama B iko baada ya L na si kabla ya T, basi iko baada ya T. Kama iko kabla ya T na si baada ya L, basi iko kabla ya L. Kumbe sharti lote linasema B haiko katikati yao: ama B … L … T, ama L … T … B. Masharti ya namna hii yaandike kama milolongo miwili kamili, usiyaache katika umbo la sentensi.

Yapo pia mafumbo yasiyo na nafasi maalumu hata moja, yenye "kabla ya" tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hayo usiyachoree nafasi. Mti wa matawi unatosha, na maswali yake mengi ni ya kuhesabu: wangapi lazima wawe kabla ya huyu, wangapi baada.

Sasa ndugu yako. Katika UCAT fumbo huja na swali moja tu, na muda ni takriban dakika moja kwa swali. Kwa hiyo fremu na hesabu zote hizi hazihitaji. Anahitaji mchoro wa haraka unaofika mwisho mara moja. Mara nyingi anapewa vitu viwili vya kupanga kwa pamoja, kwa mfano mtu na bidhaa yake. Achore mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, juu ya nafasi zilezile, na aanze na sharti linalotaja nafasi, popote lilipo katika orodha. Wenzake wengi huanza na la kwanza kwa sababu ndilo la kwanza.

Mpe hili. Meza nne sokoni zimepangwa kushoto kwenda kulia. Wauzaji ni Amina, Bakari, Chizi na Dzame. Bidhaa ni embe, muhogo, nazi na ukwaju, kila mmoja na yake. Dzame hauzi muhogo. Amina anauza nazi, wala hayuko mwisho wa kushoto. Bakari hauzi embe. Mwenye muhogo yuko kushoto kwa Bakari, meza inayofuatana naye. Bakari yuko mwisho wa kulia. Nani anauza embe?

Aanze chini: Bakari ni 4. Kwa hiyo muhogo ni 3. Amina ana nazi, hivyo hawezi kuwa 3, 4 imeshikwa, 1 amekatazwa, yuko 2. Nafasi ya 3 haiwezi kuwa ya Dzame, kwa hiyo ni ya Chizi, na Dzame ni 1. Embe na ukwaju zimebaki kwa Dzame na Bakari. Bakari hauzi embe.

Mtu:      D  A  C  B
Bidhaa:   embe  nazi  muhogo  ukwaju

Dzame ndiye mwenye embe. Akilimaliza chini ya dakika moja na nusu kwa mara ya kwanza, yuko vizuri. Akichelewa, mwangalie alianza na sharti lipi.